Walilipwa kwa Kile Mama Alichokumbuka

Kuanzia 1980 hadi 1990, shirika la BRAC la Bangladesh lilituma wanawake kupita nyumba kwa nyumba vijijini, wakimfundisha kila mama kutengeneza maji ya chumvi na sukari guru ya kumnywesha mtoto anayeharisha. Kazi ilipofikia mwisho, walikuwa wameingia katika kaya milioni 12 hivi. Hawakujenga zahanati wala kugawa dawa. Habari hii husimuliwa mara nyingi kama sifa ya mchanganyiko wenyewe, kana kwamba chumvi na sukari zilitembea zenyewe mpaka kijijini. Kwa maoni yangu mchanganyiko ulikuwa sehemu nyepesi ya kazi. Jambo la kuchambua ni namna walivyofundisha, walivyokagua na walivyolipa, na namna walivyobadili kila kimoja pale wanakijiji walipoonyesha kuwa hakifanyi kazi.

Sayansi ilikuwa imeshatangulia. Mwaka 1960 Robert Crane alieleza kuwa katika utumbo mwembamba glukosi na sodiamu hupita mlango mmoja, zikiwa pamoja, na maji huzifuata. Sumu ya kipindupindu huufanya utumbo umwage maji kwa wingi, lakini mlango huo hauharibiki. Mwaka 1968, katika maabara ya utafiti wa kipindupindu mjini Dhaka, David Nalin na Richard Cash walionyesha kuwa mgonjwa akinywa maji yenye chumvi na glukosi kwa kiasi sahihi, hitaji la dripu hupungua sana. Miaka mitatu baadaye, vita vya uhuru wa Bangladesh vilipowakimbiza mamilioni ya watu kuingia India, Dk. Dilip Mahalanabis alijikuta akihudumia wakimbizi kambini Bangaon, upande wa India, akiwa na wagonjwa waliolala sakafuni na dripu zinazokwisha. Alichanganya chumvi, glukosi na bikaboneti, akawaachia ndugu wa wagonjwa kazi ya kunywesha. Vifo, vilivyokuwa karibu asilimia 30, vilishuka chini ya asilimia 4. Pale Bangaon ilidhihirika kuwa mtu asiye na mafunzo ya uuguzi anaweza kuifanya kazi hii, naye ni yuleyule aliyekaa kando ya mgonjwa usiku kucha.

Lakini kambini kulikuwa na daktari aliyepima chumvi na glukosi. Kijijini nani apime? Pakiti za kiwandani zilikuwa chache, barabara mbovu, na msimu wa mvua sehemu kubwa ya nchi hufurika. Ilibidi mama atumie vilivyo jikoni kwake, na hapo palikuwa na hatari halisi. Chumvi ikizidi, sodiamu hupanda katika damu ya mtoto na anaweza kupata degedege na kufa. Ikipungua sana, maji hayafyonzwi ipasavyo. Madaktari wengi hawakuamini kuwa mwanamke asiyejua kusoma angeweza kukabidhiwa kipimo cha namna hiyo.

Jibu la BRAC lilikuwa kutumia mkono. Chumvi ilipimwa kwa kuibana na vidole vitatu mpaka kwenye mkunjo wa kwanza wa kidole cha shahada. Sukari guru ilikuwa konzi moja. Maji yalikuwa nusu ya seer, kipimo ambacho wanakijiji walikijua tayari kwa kununulia maziwa na mafuta, kinachokaribia nusu lita. Sukari guru ilikuwa na faida ya ziada, kwa kuwa ina potasiamu, madini ambayo mtoto anayeharisha hupoteza na ambayo sukari nyeupe haina. Baada ya mafunzo, maji yaliyotengenezwa na akina mama yalipimwa. Kama robo tatu walikuwa wamepatia, na waliozidisha chumvi kufikia hatari walikuwa wanne tu katika kila elfu moja. Hofu ya madaktari ilijibiwa kwa sampuli za maji kutoka jikoni.

Kundi moja la kazi lilikuwa na wanawake 14 hivi, mpishi, na msimamizi wa kiume. Walihama kijiji hadi kijiji kwa miguu, katika jamii ambayo mwanamke kutembea mbali na kwao peke yake lilikuwa jambo la kuleta maneno. Wengi wao walikuwa na elimu ndogo. Mwanzoni walipewa mambo kumi ya kufundisha: dalili za kuishiwa maji, namna ya kuchanganya, wakati wa kunywesha, kuendelea kumlisha mtoto, na kadhalika. Wao wenyewe, kwa kuwa ndio walioona uso wa mama ulipoanza kuchoka kusikiliza, walisaidia kuyapunguza mpaka yakabaki saba.

Mwanzoni pia kila mmoja alifundisha hadi akina mama 20 kwa siku. Wakaguzi waliporudi wiki kadhaa baadaye, waliona kwamba wengi hawakumbuki vizuri. Idadi ikapunguzwa hadi kaya kumi. Fikiria ugumu wa uamuzi huo kwa shirika lililokuwa limeahidi kuifikia nchi nzima, maana kupunguza idadi kwa nusu ni kurefusha kazi maradufu, na kila mwezi wa ziada una gharama. Wangeweza kuendelea na 20 na kuandika takwimu nzuri zaidi kwenye ripoti.

Kisha wakagusa mshahara, na hapa ndipo penye uvumbuzi mkubwa kuliko ule wa konzi na vidole. Mkaguzi, ambaye hakuwa amefundisha, alikwenda kwenye baadhi ya nyumba, akamuuliza mama yale mambo saba, akamwomba atengeneze maji mbele yake. Mama aliyekumbuka mengi na kuchanganya vizuri alimpatia mwalimu wake daraja la juu, aliyesahau alimshushia. Malipo ya mwalimu yalifuata madaraja hayo. Hakulipwa kwa idadi ya nyumba alizobisha hodi, wala kwa sahihi za mahudhurio.

Yeyote aliyewahi kukaa kwenye semina ya afya anajua tunavyolipa kwa kawaida. Tunalipa posho ya kikao, nauli, na chakula cha mchana. Ripoti husema waliohudhuria ni wangapi. Hakuna anayekwenda nyumbani kwa mhudhuriaji mwezi unaofuata kuuliza kilichobaki. Mfumo wa BRAC uliweka pesa mahali ambapo matokeo yanatokea, yaani kichwani na mikononi mwa mama, na kwa sababu hiyo ukawalazimisha walimu kutafuta njia bora bila kuamriwa. Waligundua kuwa kuonyesha hakutoshi, lazima mama achanganye mwenyewe huku mwalimu akitazama. Waligundua pia kuwa wakifika kijijini ni vyema kumtafuta kwanza mtoto anayeharisha siku hiyo, wamnyweshe, jirani waone anavyochangamka, ndipo somo lianze. Mwalimu anayelipwa kwa kuhudhuria hana sababu ya kuhangaika hivyo.

Pamoja na hayo yote, tathmini zilileta habari ya kuvunja moyo. Akina mama walikumbuka mambo saba, walichanganya vizuri, lakini mtoto alipoharisha wengi hawakutumia. Kujua kulikuwa juu, kutumia kulikuwa chini mno. Miradi mingi ingetangaza ushindi kwa kile kiwango cha kujua na kufunga hesabu. Hawa walituma watafiti wakaishi na watu na kusikiliza.

Sababu ya kwanza ilihusu namna watu walivyoyagawa magonjwa. Kwa wanakijiji kuharisha hakukuwa kitu kimoja. Kulikuwa na kule kwa mtoto mchanga kunakohusishwa na maziwa ya mama, kule kwa chakula kisichosagika, kule kwenye makamasi au damu, na kule kukali kwa maji matupu kama kipindupindu. Walimu walikuwa wametumia jina la hili la mwisho. Basi mama alihifadhi somo lake kwa ajili ya ugonjwa mkali, na hakuona kuwa linahusu tumbo la kila wiki la mwanawe. Hakuwa mzembe hata kidogo, alifanya alichoambiwa. Somo likaandikwa upya kwa kutaja kila aina kama wenyewe walivyoitaja.

Sababu ya pili iliuma zaidi. Baadhi ya walimu wenyewe hawakuamini. Waliharisha wakameza vidonge. Maji ya chumvi yalionekana kitu cha kimaskini mno kuitwa dawa, na mama huisikia shaka hiyo katika sauti hata kama maneno ni sahihi. Walipelekwa Dhaka, kwenye hospitali ya kipindupindu, wakaelezwa utumbo unavyofanya kazi na wakaona wagonjwa wakinyanyuka. Sababu ya tatu ilikuwa wanaume. Mpango ulikuwa umewapita, na mume au baba mkwe asiyeelewa wageni hawa wanafanya nini nyumbani kwake alikuwa na uwezo wa kuzuia kila kitu kwa neno moja. Wafanyakazi wa kiume wakaanza kuzungumza misikitini, sokoni, shuleni na kwa waganga wa kijiji, huku redio ikirudia ujumbe uleule. Matumizi yakapanda. Tafiti za miaka ya karibuni huonyesha Bangladesh ikiwa miongoni mwa nchi zinazoongoza duniani kwa kuwapa watoto maji haya, wapata wanane kwa kila kumi wanaoharisha.

Je, huu ulikuwa uvumbuzi wa jamii? Wazo lilitoka maabara na fedha zilitoka nje. Hata hivyo kipimo cha maji kilitoka sokoni kwao, mambo kumi yakawa saba kwa ushauri wa walimu wa vijijini, na orodha ya magonjwa ikatoka kwa akina mama. Mimi sihangaiki sana na nani alianza. Nauliza nani alikuwa na uwezo wa kulazimisha mpango ubadilike, na hapa mama aliyesahau somo alikuwa nao, kwa kuwa kusahau kwake kulipunguza mshahara wa mtu.

BRAC iliingia Uganda na Tanzania mwaka 2006. Nchini Uganda, pamoja na shirika la Living Goods, iliwapa wahudumu wa vijijini dawa za kuuza nyumba kwa nyumba kwa bei nafuu, zikiwemo pakiti za chumvi na zinki, nao wakapata faida ndogo kwa kila mauzo. Jaribio lililofanywa katika vijiji 214 lilionyesha vifo vya watoto wa chini ya miaka mitano vimepungua kwa asilimia 27. Ni matokeo makubwa. Tofauti ni kwamba hapo kinacholipwa ni mauzo, na mauzo si sawa na kumbukumbu: mtu anaweza kununua pakiti na asijue kuichanganya.

Tatizo hilo lilionekana wazi Zambia. Shirika la ColaLife lilitaka kupeleka dawa ya kuharisha vijijini kwa kuichomeka katikati ya chupa ndani ya kreti za Coca-Cola, na kati ya 2012 na 2013 likalijaribu wazo hilo. Kreti hazikuwa na umuhimu waliotarajia; wenye maduka wengi walibeba vifurushi kwa njia nyingine. Kilichofanya kazi ni kifurushi chenyewe. Pakiti za kawaida zilitaka lita nzima ya maji, kiasi ambacho mtoto mdogo hamalizi kwa siku na ambacho nyumba nyingi hazina chombo cha kupimia. Wabunifu wakaweka pakiti za mililita 200, na kopo la kifurushi likawa ndilo kipimo na kikombe cha kunywea. Kati ya waliotumia kifurushi hicho, wapata 93 katika kila 100 walichanganya sawasawa. Kwa pakiti za lita moja, walikuwa 60.