Juu ya Neno "Mnyapara"

Katika shule zetu neno la Kiingereza *boss* hufasiriwa mara nyingi "mnyapara", na vijana huipokea tafsiri hiyo bila shaka, kwa kuwa maneno yote mawili hutajwa kwa mtu awasimamiaye wengine kazini. Lakini tafsiri hii haifai. Maneno haya yametoka mahali mbalimbali, nayo yamepishana njiani.

Neno *boss* lilipatikana Marekani kwa Waholanzi, ambao kwao *baas* ni bwana. Katika karne ya 19 wafanya kazi huru wa huko walichukia kumwita mwajiri wao kwa neno la kale la Kiingereza, kwa sababu ndilo watumwa walilomwitia aliyewamiliki. Wakachagua *boss*, ili ijulikane kwamba wameuza kazi yao, si nafsi zao. Basi neno hili lilianza kwa kulinda heshima ya mfanya kazi. Lakini tangu mwanzo lilimtaja mwenye kazi na mwenye kulipa mshahara.

Mnyapara si mwenye kazi. Wanyamwezi husema *munyampala*, na wakiwa wengi *banyampala*. Watu wa safari waliigeuza l kuwa r, wakasema mnyampara, kisha m ya katikati ikapotea. Zamani za watemi, huyu alikuwa mtu wa kushauriana na mtemi na kutumwa naye kwa watu. Wanyamwezi walipochukua pembe za ndovu mpaka pwani, neno lilishuka pamoja nao katika njia ya Tabora na Bagamoyo. Kirangozi alitangulia mbele ya msafara. Mnyapara alikaa na kundi lake. Mzigo wa mpagazi ulikuwa kadiri ya ratili 60 au 70, na mwendo ulikuwa wa miezi. Posho ikipungua, mnyapara ndiye aliyesema na mwenye mali kwa ajili ya watu. Watu wakitoroka, ndiye aliyeulizwa na mwenye mali. Methali yasema, mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Mnyapara hakuweza kusema hivyo, maana mzigo ukianguka ulimwangukia yeye pia.

Labda msomaji atajibu kwamba katika njia hiyo hiyo walipita watumwa wenye minyororo, na kwamba wako wanyapara walioshika fimbo. Ni kweli, wala hatuna haja ya kuwapamba watu wa kale. Tena neno lenyewe limezidi kuchukiwa baadaye. Reli ilifika Tabora mwaka 1912, na upagazi wa kwenda pwani ukafa. Neno likawafuata watu katika mashamba ya mkonge na katika magereza. Shambani mnyapara aliwekwa na mwenye shamba ili apime kazi ya wenziwe. Gerezani ni mfungwa aliyewekwa juu ya wafungwa. Lakini hata huko alama ya kale haikufutika: mnyapara wa gereza naye ni mfungwa.

Waliofasiri Biblia kwa Kiswahili cha Union waliijua tofauti hii. Katika Kutoka, sura ya 5, wasimamizi ni watu wa Farao, na wanyapara ni Waisraeli waliowekwa juu ya ndugu zao. Matofali yalipopungua, waliopigwa ni wanyapara, nao ndio waliokwenda kumlilia Farao. Mwanafunzi aliyefundishwa kwamba mnyapara ni *boss* hawezi kuifahamu habari hii. Atauliza, mwenye amri apigwaje kwa kosa la walio chini yake? Tena hataona uchungu wa watu wale, waliosimama katikati, wakashutumiwa na Farao, kisha wakanuka mbele yake pamoja na watu wao.

Kwa hiyo nashauri kwamba *boss* lifasiriwe "bwana wa kazi", "mwajiri" au "mkuu wa kazi", kwa kadiri ya maneno yaliyo kando yake. Neno mnyapara liwekwe kwa yule aliye mmoja wa wafanya kazi, akachukua amri kwa wenziwe na kujibu kwa ajili yao. Na mwanafunzi akishindwa kuwapambanua hao wawili, mwalimu amwulize: kazi ikiharibika, ni nani atakayepigwa?