CPAP ya Brixworth: Ufundi Ulikuwa Kwenye Toleo la Pili

Machi 2020, Uingereza ikihaha kutafuta mashine za kupumulia kwa wagonjwa wa COVID-19, wahandisi wa University College London, madaktari wa hospitali ya chuo hicho na mafundi wa injini za Mercedes za mbio za magari waliamua kutobuni kitu kipya. Walichukua kifaa cha CPAP, yaani cha kumpa mgonjwa hewa yenye shinikizo la kudumu, ambacho hataza yake ilishakwisha muda, wakakifungua, wakakipima na kukichora upya. Toka kikao cha kwanza hadi kifaa cha kwanza, saa 100 hazikutimia. Huko Brixworth, kwenye kiwanda cha mafundi hao wa Mercedes, mashine 40 zilizozoea kuchonga pistoni zikawa zinatoa hadi vifaa 1,000 kwa siku.

Magazeti yalishangilia kasi. Mimi nashangilia kilichofuata.

Kifaa hiki husukuma hewa bila mota. Oksijeni ya ukutani hupenya kwenye tundu jembamba kwa kasi, ikavuta hewa ya chumbani, na mchanganyiko huo ukaingia kwenye barakoa inayobana uso. Njia ya kutolea pumzi ina vali isiyofunguka mpaka shinikizo lifike kiwango kilichowekwa, tuseme sentimita 10 za maji. Mgonjwa akipumua nje, vifuko vya mapafu havisinyai, na damu inaendelea kupata oksijeni. Barakoa ikilegea shavuni tu, kazi imeharibika.

Shida ni kwamba kifaa cha namna hii hubugia oksijeni. Wodi nzima ikifungua koki kwa pamoja, mabomba ya hospitali yanaweza kuelemewa. Toleo la pili, lililotoka siku chache baadaye, lilipunguza matumizi kwa hadi asilimia 70. Hapo ndipo kilipofaa kwa wodi yenye wagonjwa wengi.

CPAP yenyewe ilikuja kupimwa na utafiti wa RECOVERY-RS, uliochapishwa 2022. Waliofariki au kuwekewa bomba kooni ndani ya siku 30 walikuwa asilimia 36.3 kwa CPAP, na 44.4 kwa oksijeni ya kawaida. Nafuu ilitokana hasa na kupungua kwa waliowekewa bomba. Kwa vifo, tofauti ya wazi haikuonekana.

Michoro ilitolewa bure, na nchi nyingi ziliichukua. Lakini hospitali inayotegemea mitungi ya oksijeni inabaki na hesabu yake: mtungi mkubwa wa lita 6,800, kwa lita 15 kila dakika, haufikishi saa 8 kwa mgonjwa mmoja.