Akiba ya Jua: Hurafa, Picha na Mlango wa Ghala katika Vitabu vya Watoto

Utangulizi

Makala haya yanakusudia kuchunguza jinsi hurafa zilizochorewa picha kwa ajili ya watoto zinavyolishughulikia suala la akiba. Suala hili tumelichagua kwa sababu mbili. Kwanza, hurafa ya sisimizi na nyenje, ambayo msingi wake ni akiba, ni miongoni mwa zile zinazochapishwa tena na tena katika mikusanyiko ya watoto duniani. Pili, nchini Kenya neno lenyewe limepata uzito mpya. Katika nyumba nyingi zisizofikiwa na nyaya za umeme, mtoto husoma usiku kwa taa ambayo nguvu yake ilitoka kwenye jua la mchana ikahifadhiwa ndani ya betri. Ngano ya kutambwa haikuhitaji taa. Jamii nyingi zilikataza hata kuitamba mchana. Kitabu cha picha, kwa upande wake, hakisomeki gizani. Hivyo basi, hurafa iliyochorwa imekuwa tanzu inayoitegemea akiba hata kabla haijaanza kuizungumzia.

Katika uhakiki wetu, na zaidi katika ufundishaji wetu, tumezoea kuimaliza hurafa kwa swali moja: hadithi hii inatufunza nini? Jibu husakwa katika sentensi ya mwisho, na kazi ikawa imekwisha. Mtazamo huo unaifanya picha kuwa pambo na wahusika kuwa vibebeo vya methali. Hoja tutakayoitetea hapa ni kwamba hurafa za akiba hazifumbatwi na funzo la bidii peke yake. Kitovu chake ni mlango wa ghala, yaani ule wakati ambapo kilichohifadhiwa kinaombwa. Akiba haihukumiwi kwa namna ilivyokusanywa tu, bali pia, na zaidi, kwa namna inavyotolewa.

Sisimizi Mlangoni

Katika usimulizi wa Kigiriki unaonasibishwa na Aesop, kisa kinaanza wakati wa baridi. Nafaka ya sisimizi imelowa, nao wanaianika. Nyenje mwenye njaa anawaomba chakula. Wanamuuliza kwa nini hakukusanya wakati wa kiangazi. Anajibu kwamba alikuwa akiimba. Wanamcheka na kumwambia kwamba, kwa kuwa aliimba kiangazi, sasa na acheze wakati wa baridi.

Wasomaji wengi huharakia kicheko hicho, wakaipita ile nafaka iliyolowa. Methali yetu husema akiba haiozi, lakini hapa akiba iko karibu kuoza, na kinachoiokoa ni jua lile lile ambalo nyenje aliliimbia. Ghala si mwisho wa kazi, na aliye nacho bado anahitaji jua asilolimiliki. Yaani hurafa yenyewe, katika sentensi yake ya kwanza, inatilia shaka kiburi inachokionyesha katika sentensi ya mwisho. Aidha, katika mapokeo hayo hayo ya Aesop kuna hurafa nyingine isemayo kwamba sisimizi alikuwa mkulima zamani. Hakutosheka na mavuno yake, akawa anaiba ya majirani, na Zeus akamgeuza kuwa mdudu, lakini tabia ikabaki. Mikusanyiko ya watoto humpa nafasi ndogo sana sisimizi huyu mwizi. Uteuzi wa hurafa ni sehemu ya maana yake, na mhariri anayemchagua sisimizi mmoja na kumwacha mwingine amekwisha kutoa hukumu kabla ya msomaji.

Mwaka wa 1668, La Fontaine aliifanya hurafa hii kuwa ya kwanza katika mkusanyiko wake. Badiliko lake kubwa ni la msamiati. Nyenje wake haombi sadaka; anaomba mkopo, na anaahidi kulipa kabla ya Agosti, mtaji pamoja na riba. Sisimizi wake si mkopeshaji, na msimulizi anatuambia kwa kejeli kwamba hilo ndilo dogo kabisa miongoni mwa makosa yake. Kejeli hiyo ni nyembamba mno kwa mtoto, na Jean-Jacques Rousseau aliliona jambo hilo. Katika kitabu chake Émile cha mwaka wa 1762, alidai kwamba watoto wakisomeshwa hurafa hii hawatajifunza kumkwepa nyenje, bali watamwiga sisimizi, kwa sababu kila mtoto hupenda kujiona upande wa mshindi. Watajifunza kunyima, na zaidi ya kunyima, kumdhihaki wanayemnyima. Onyo hili lina umri wa zaidi ya karne mbili na nusu, lakini bado halijajibiwa na maswali yetu ya ufahamu.

Aliyemjibu Rousseau, pengine bila kukusudia, ni mchoraji. Gustave Doré, katika picha zake za hurafa za La Fontaine zilizotoka miaka ya 1860, hakumchora mdudu yeyote hapa. Alichora mwanamke kijana mwenye gitaa, amesimama wakati wa baridi mbele ya mlango wa mama wa nyumba. Kwa kuivua hurafa tashihisi yake, Doré aliondoa kinga inayomwezesha msomaji kucheka. Ni rahisi kumcheka nyenje. Si rahisi kumcheka msichana aliye nje kwenye baridi. Maandishi hayakubadilika hata neno moja, ila hukumu imegeuka. Huu ni ushahidi kwamba picha katika hurafa inaweza kuwa hoja inayopingana na funzo lililochapishwa kando yake.

Methali Yenye Ndimi Mbili

Kiswahili kina methali ambayo kwa kawaida huhesabiwa upande wa sisimizi: mchumia juani hulia kivulini. Maana inayofundishwa ni kwamba anayetaabika sasa atastarehe baadaye. Lakini kitenzi hulia kina sura mbili. Kinaweza kutokana na kula katika kauli ya kutendea, na kinaweza kuwa kulia kwa machozi. Methali haibainishi, na wenye lugha wamekuwa wakiucheza utata huo kwa muda mrefu. Aliyechuma juani aweza kula kivulini. Aweza pia kulilia huko huko, ikiwa alichokichuma kilichukuliwa na mwingine au kililowa ghalani. Utata huu wa kisarufi ni uhakiki wa hurafa nzima katika neno moja. Mwalimu anayeifafanua methali hii kwa maana moja tu anawapunja wanafunzi wake nusu ya lugha yao.

Panya Aliyekusanya Miale

Mwandishi na mchoraji aliyelirudia suala hili kwa undani katika karne ya 20 ni Leo Lionni, aliyezaliwa Amsterdam mwaka wa 1910 na kufariki mwaka wa 1999. Alisomea uchumi katika Chuo Kikuu cha Genoa kabla ya kuwa msanii wa picha, na si ajabu kwamba hurafa yake maarufu inahusu ugavi. Frederick ilitoka mwaka wa 1967, na mwaka wa 1985 ilitoa jina la mkusanyiko wa hurafa zake, Frederick's Fables.

Familia ya panya wa mashambani inaishi katika ukuta wa mawe, karibu na ghala lililoachwa tupu baada ya wakulima kuhama. Baridi inakaribia. Wote wanakusanya nafaka, kokwa na mabua usiku na mchana, isipokuwa Frederick. Akiulizwa, anajibu kwamba naye anafanya kazi: anakusanya miale ya jua kwa siku za baridi na giza, rangi kwa kuwa majira hayo ni ya kijivu, na maneno kwa kuwa siku zake ni nyingi na ndefu. Baridi inapofika, chakula kinaliwa mpaka kinakwisha. Hapo ndipo wenzake wanapoikumbuka akiba yake. Anapanda juu ya jiwe, anawaambia wafumbe macho, anawasimulia jua, nao wanahisi joto. Kisha anawapa rangi, na mwisho shairi.

Hurafa hii husomwa mara nyingi kama utetezi wa msanii, na usomaji huo una ukweli wake. Lakini una udhaifu pia, na haifai kuufumbia macho. Frederick alikula nafaka ambayo hakuibeba. Maneno yake yalifanya kazi baada ya chakula cha wengine kuwafikisha hapo. Msomaji mkali anaweza kusema kwamba Lionni amemgeuza nyenje kuwa shujaa kwa kuficha njaa yake. Jibu, kwa maoni yetu, halimo katika tabia ya Frederick hata kidogo. Limo katika tabia ya wenzake. Walimuuliza, hata kwa namna ya kumlaumu, lakini msimu wa baridi ulipowadia waliingia naye mawe yale yale. Hakuna aliyeufunga mlango. Walimpa fungu lake kabla ya kujua kama atalipa, na pasipo riba. Yale mashairi hayakununua chakula. Chakula ndicho kilichoyawezesha mashairi. Ukarimu huu Lionni hakuutolea funzo lolote, na kwa sababu hiyo humponyoka msomaji anayesubiri sentensi ya mwisho.

Picha nazo zinaunga mkono usomaji huu. Panya wa Lionni wametengenezwa kwa karatasi ya kijivu iliyochanwa kwa mkono, hata kingo zao ni laini na hazina ncha. Wote wana umbo moja. Frederick anatambulika kwa macho yake yaliyofumba nusu, wakati ya wenzake yako wazi. Hana vazi wala kimo cha kumtenga. Ni mmoja wao.

Lakini lililo zito zaidi ni ile amri ya kufumba macho. Hapa kitabu cha picha kinawaambia wahusika wake wasitazame. Ibn al-Muqaffa', aliyekitafsiri Kalila na Dimna kwa Kiarabu katika karne ya 8, alieleza katika utangulizi wake kwamba wanyama huonyeshwa kwa rangi mbalimbali ili kuifurahisha mioyo ya wafalme, na ili kitabu kizidi kunakiliwa, mchoraji na mnakili wakapata manufaa. Kwake, picha ni kivutio na pia ni riziki. Hata hivyo, visa vya mapokeo hayo vilivuka bahari bila rangi zake. Kima na papa wa Kisa cha Punda wa Dobi, kilichochapishwa na Edward Steere mwaka wa 1870 kutokana na simulizi za Unguja, wana nasaba moja na kima na kasa wa Kalila na Dimna. Msikilizaji wa Unguja aliwachora mwenyewe akilini. Panya wanaofumba macho wamerudi katika hali hiyo ya hadhira ya ngano: giza, sauti ya fanani, na taswira inayozaliwa ndani. Kitabu bora cha picha, basi, ni kile kinachojua mahali pa kunyamaza.

Betri na Mipaka ya Istiara

Yafaa sasa tuirudie taa ya msomaji wetu. Tunasema betri huhifadhi jua, lakini hiyo ni istiara. Paneli hugeuza mwanga kuwa mkondo wa umeme, na mkondo huo huleta mabadiliko ya kikemikali ndani ya betri. Tunapowasha taa, mabadiliko hayo hurudi nyuma na umeme ukatoka tena. Ndivyo ilivyo katika betri ya madini ya risasi na asidi iliyobuniwa na Gaston Planté mwaka wa 1859, na ndivyo ilivyo, kwa kemia tofauti, katika betri za ioni za lithiamu zilizoanza kuuzwa mwaka wa 1991. Jua halikai humo kama jua, hutafsiriwa. Na kila tafsiri hupunguza: hakuna betri irudishayo umeme wote iliotiwa. Betri ya risasi ikimalizwa kabisa mara kwa mara, hufa mapema.

Hapa ndipo akiba ya Frederick inapotengana na akiba ya betri. Neno likitolewa halipungui kwa aliyelitoa. Panya wanne waliopokea jua la Frederick wangeweza kulitoa tena kwa wengine, nalo lisipungue. Lakini maneno nayo hayaanikii nafaka wala hayamwangazii mtoto ukurasa. Kila akiba ina kazi yake, na kosa ni kuitaka moja ichukue nafasi ya nyingine.

Zinapokutana ni mlangoni. Tangu miaka ya 2010, taa za sola zimeenea Kenya kwa utaratibu wa kulipa kidogo kidogo kupitia simu. Anayeshindwa kulipa huweza kufungiwa mtambo kutoka mbali, ingawa jua linaendelea kuwaka juu ya paa lake. Sisimizi wa La Fontaine alikataa kukopesha. Wa leo amekubali, na ufunguo ameubakiza mkononi. Hatusemi kwamba utaratibu huo hauna faida, kwani umezifikishia mwanga nyumba ambazo zisingeweza kulipa kwa mkupuo. Tunalosema ni kwamba mtoto anayesoma hurafa ya akiba chini ya taa hiyo yumo ndani ya hurafa hiyo, na anastahili usomaji unaomwezesha kuliona jambo hilo.

Hitimisho

Tumejaribu kuonyesha kwamba hurafa za akiba zina mgogoro ambao sentensi ya funzo huuficha, na kwamba picha mara nyingine ndiyo inayoufichua. Nafaka iliyolowa, msichana wa Doré, kitenzi chenye maana mbili na panya waliofumba macho ni dalili za swali moja. Kwa walimu na watafiti wa fasihi ya watoto, tunapendekeza kwamba swali la hadithi inatufunza nini litanguliwe na mengine: nani yuko nje ya mlango, nani ana ufunguo, na mchoraji amesimama upande gani. Mtoto aliyezoea kuuliza hivyo hatakuwa mvivu kwa sababu ya Frederick. Atajua kuweka akiba, na akibishiwa hodi atajua pia kwamba kicheko si jibu.