Mwanamke wa Ghorofa ya Tatu

Msomaji, riwaya ya Jane Eyre, aliyoitoa Charlotte Brontë wa Uingereza mwaka 1847 kwa jina la Currer Bell, husomwa na wengi kwa ajili ya mapenzi yaliyomo. Jane, yatima asiye na mali, aajiriwa kufundisha mtoto katika jumba la Thornfield, akapendana na mwenye nyumba, Bwana Rochester. Habari hiyo ni tamu. Walakini juu ya vichwa vyao, katika chumba kisicho na dirisha, yumo mtu wa tatu. Nakusihi ukisome kitabu hiki mara ya pili kwa ajili yake.

Huyo ni Bertha Mason, binti wa mfanyabiashara wa Spanish Town, Jamaika, na mke halali wa Rochester. Amefungiwa humo miaka kumi kwa kuwa ana wazimu. Twasikia kicheko chake usiku. Twaona shela ya arusi aliyoirarua, jeraha alilomtia ndugu yake, na moto alioliteketezea jumba kabla ya kujitupa kutoka darini akafa. Lakini katika kitabu chote hapati nafasi ya kujieleza.

Basi, nani atuelezaye ugonjwa wake? Ni mumewe, siku arusi yake na Jane ilipovunjika kanisani, naye ataka asamehewe. Yamkini asema kweli. Lakini mwamba ngoma, ngozi huivuta kwake. Ndoa ile ilimletea paundi 30,000, wala sheria ya Uingereza ya zama zile haikumruhusu mume kumwacha mke kwa sababu ya wazimu. Ruhusa hiyo ilipatikana mwaka 1937. Shahidi mwenye haja yake husikilizwa, ila hafanywi hakimu.

Hata hivyo tusimdhulumu Rochester. Moto ulipowaka aliingia kumwokoa mkewe, akapotea macho na mkono mmoja. Wala tusimdhulumu mwandishi. Ni Jane mwenyewe amkemeaye Rochester kwa kumtaja mgonjwa kwa chuki, hali mgonjwa hakujitakia wazimu. Na katika barua ya mwaka 1848 Brontë alikiri kwamba alizidisha kitisho mahali palipostahili huruma.

Upungufu huo ulimgusa mwandishi mwingine, Jean Rhys, aliyezaliwa katika kisiwa cha Dominica mwaka 1890. Mwaka 1966 alitoa Wide Sargasso Sea. Humo mke asimulia utoto wake na upweke wake, na mume naye apewa zamu. Twajua kuwa jina lake ni Antoinette. Bertha ni jina alilobandikwa na mumewe. Kitabu hiki hakikifuti kile cha kwanza, bali chafungua mlango uliokuwa umekomewa kwa nje.

Funzo lake halikomei vitabuni. Neno "mwendawazimu" likisha kutamkwa juu ya mtu, hasa mwanamke, kila alisemalo baadaye huhesabiwa kuwa dalili ya ugonjwa, hata malalamiko ya haki. Ugonjwa wa akili upo, na mgonjwa hupaswa kutibiwa. Lakini hapaswi kunyang'anywa ulimi wake. Basi, msomaji, uletewapo habari za mtu wa namna hiyo, uliza nani asimuliaye, anapata nini kwa kusimulia, na kama mgonjwa mwenyewe amekwisha kuulizwa.