Kuni za Mti wa Mungu

Katika kumbukumbu zake, *Unbowed* (2006), Wangari Maathai anasimulia jinsi mama yake, kule Ihithe, Nyeri, alivyomkataza kuokota kuni kwenye mugumo, kwa kuwa ule ni mti wa Mungu. Baadaye alisoma biolojia, akaelewa kwamba mizizi ya mti ule ililinda maji ya kijito alichochezea utotoni. Aliporudi kutoka Marekani alikuta mwenye shamba mpya ameukata ili apate nafasi ya chai. Kijito kikakauka.

Ukurasa huo tunaunukuu sana. Lakini nikiusoma nikiwa Nyamigogo, kati ya Ngara na Biharamulo, haunishuki vizuri.

Huku hadithi ya miti husimuliwa kwa ufupi: wakimbizi waliimaliza. Mwishoni mwa Aprili 1994, zaidi ya watu 200,000 walivuka daraja la Rusumo kwa muda wa siku moja hivi, wakitoka Rwanda, na Benaco ikageuka mji wa maturubai. Miti ilikatwa, ni kweli. Tunachokiruka ni chakula walichogawiwa: mahindi na maharage makavu. Maharage hayaivi kwa maadili. Mama aliyepewa maharage bila kuni angemkataza mwanawe mti gani?

Mama yake Wangari aliweza kusema "mti huu usiguswe" kwa sababu palikuwa na mingine ya kuokotea. Katazo linahitaji msitu. Na aliyeukata mugumo hakuwa mwenye njaa, alikuwa mwenye shamba.

Maathai mwenyewe alilijua hili. Mwaka 1977 alianzisha Green Belt Movement baada ya kuwasikia wanawake wa vijijini wakilalamikia uhaba wa kuni na maji. Hakuwapa katazo, aliwapa miche. Sisi wasomaji wake tumeushika mti mtakatifu tukauacha mche, maana mti mtakatifu hutupa mtu wa kumlaumu, na mche hututaka jembe.

Wakimbizi wale wa Rwanda walirudishwa kwao Desemba 1996. Mkaa bado unapakiwa barabarani. Chai ninayokunywa nikiandika haya imechemshwa kwa mkaa, ilhali mtungi wa gesi uko dukani, na mimi kila mwezi nasema mwezi ujao. Hapa simwoni mkimbizi wa kumsingizia.