Sifa ya Mtangazaji wa Mbali

Wafinyanzi, wahunzi na maseremala wamesifiwa sana, nao wanastahili. Mimi leo namsifu fundi wa mdomo na sikio: Mswahili anayeketi Tokyo, katika chumba cha kurushia matangazo, akawasimulia watu wa Kahama, Katoro na Nyarugusu mambo ya Japani. Shirika la utangazaji la nchi hiyo, NHK, lilianza kutangaza ng'ambo tarehe 1 Juni 1935, na kwa miongo mingi sasa Kiswahili ni mojawapo ya lugha zake. Huku kwetu Shinyanga, Japani tumeishi nayo sebuleni. Kampuni ya Matsushita ilifungua kiwanda Dar es Salaam mwaka 1966, na betri za National ndizo zilizoendesha redio za wazee wetu. Zikichoka zilianikwa juani kutwa nzima, ili ziwe na nguvu ya kutosha taarifa ya habari ya jioni.

Wengi hudhani kazi ya mtangazaji huyo ni kutafsiri na kusoma. Hiyo ni hatua ya kwanza tu, na mtu mwenye shule anaweza kuifanya. Ufundi unaanza pale anapojiuliza: nani ananisikiliza, na habari hii inamgusa wapi? Makao makuu ya NHK yako Shibuya, katikati ya jiji. Msikilizaji yuko kwenye kibanda cha turubai kando ya duara, yaani shimo la wachimbaji wa dhahabu, amepumzika baada ya kupandisha viroba vya mawe. Fundi hodari anawajua wote wawili: Mjapani anayemsema na Msukuma anayemwambia.

Chukua habari ya medali za Olimpiki ya Tokyo. Waandaaji waliwaomba wananchi watoe simu na vifaa vidogo vya umeme visivyotumika. Kati ya Aprili 2017 na Machi 2019 zilikusanywa takriban tani 79,000 za vifaa, zikiwamo simu zaidi ya milioni 6, na humo ikapatikana dhahabu kilo 32. Kwingine hiyo ni habari ya mazingira. Geita ni habari ya kazi. Mtu anayepeleka mawe karashani, akasubiri yasagwe, kisha akaambulia vigramu vichache, anajua mara moja kilo 32 ni nini na tani 79,000 ni nini. Mtangazaji anayemfahamu mtu huyo hataharakisha takwimu. Atazitamka polepole, atanyamaza kidogo, kisha ataendelea.

Au chukua kisiwa cha Sado, ambacho migodi yake ya dhahabu iliingizwa na UNESCO katika orodha ya urithi wa dunia Julai 2024. Kipo hapo kilima kilichopasuliwa katikati tangu kileleni kwa nyundo na patasi za wachimbaji wa karne zilizopita, kikabaki na vilele viwili. Watu wa Mgusu na Rwamgasa hawahitaji picha ili wakione kilima hicho. Lakini fundi wa kweli haishii kwenye sifa. Wakati wa Vita Kuu ya Pili, Wakorea walipelekwa Sado kufanya kazi ngumu katika migodi hiyo, na Korea Kusini ilidai kumbukumbu yao isizikwe. Mtangazaji analipwa na shirika la Japani, na hata hivyo msikilizaji wake anastahili kuzisikia pande zote mbili. Katika ukanda ambako mchimbaji mdogo na mwekezaji wamegombea ardhi miaka nenda rudi, watu wana masikio makali. Wanatambua upesi habari iliyokatwa kipande.

Hata hivyo, nikitakiwa kutaja habari moja inayopima ufundi wote huu, nitataja Minamata. Ni mji wa pwani ya kusini mwa Japani, katika mkoa wa Kumamoto, ambako kiwanda cha kampuni ya Chisso kilimwaga majitaka yenye zebaki baharini. Samaki walibeba sumu, paka waliokula samaki wakaanza kuyumba na kurukaruka kama wenye wazimu, kisha ikawa zamu ya watu: mikono ikitetemeka, macho yakififia, ulimi ukishindwa kutamka. Ugonjwa huo ulitambuliwa rasmi tarehe 1 Mei 1956. Walizaliwa watoto wenye ulemavu mkubwa kwa mama walioonekana wazima. Mwaka 2013 mataifa yalikutana mkoani humo yakapitisha mkataba wa kudhibiti zebaki, yakauita kwa jina la mji huo. Ulianza kutumika tarehe 16 Agosti 2017, na Tanzania iliuridhia mwaka 2020.

Sasa simama mwaloni, pale dhahabu inapooshwa, Nyarugusu. Mawe yamesagwa, unga umepitishwa na maji juu ya mkeka, na kilichobaki kimetiwa kwenye karai. Mwoshaji anamimina zebaki kidogo na kukamatisha dhahabu kwa mikono mitupu. Kisha donge linachomwa motoni mpaka zebaki ipae na dhahabu ibaki. Mara nyingi moto huo huwa karibu na chungu cha ugali, na mtoto yupo mgongoni. Uchimbaji mdogo wa dhahabu ndio unaotoa zebaki nyingi kuliko shughuli nyingine yoyote ya binadamu inayoichafua hewa ya dunia.

Mtangazaji wa Tokyo akisoma habari ya Minamata kama kumbukumbu ya Wajapani, ameipoteza. Akitisha tu, akasema nanyi mtakuwa vivyo hivyo, amedanganya, maana wa Minamata walidhurika kwa kula samaki, na mchomaji wa Geita hudhurika kwanza kwa kuvuta mvuke. Lazima aeleze tofauti hiyo kwa sentensi fupi. Kisha aeleze kinachofanana: zebaki ikifika mtoni na ziwani nayo hugeuka ikaingia kwenye samaki. Hapo ndipo methali ya kwetu inapopata kazi yake, kwamba ukiona mwenzio ananyolewa, zako tia maji. Dakika tatu za redio zikisemwa na mtu aliyeyapima maneno hayo zinaweza kumfanya mama mmoja ausogeze moto mbali na watoto. Sijui kazi nyingine ya maneno yenye heshima kuliko hiyo.

Michezo nayo ina mtihani wake. Besiboli ni mchezo wasioujua watu wetu, na kanuni zake hazielezeki kabla ya taarifa kwisha. Lakini kila Agosti shule za sekondari za Japani hushindana katika uwanja wa Koshien, na kwa desturi wachezaji wa timu iliyoshindwa hupiga magoti, wakazoa udongo wa uwanja na kwenda nao nyumbani. Mtangazaji aliyelelewa huku anajua pa kuanzia: kwenye udongo huo. Mchimbaji anayelala kando ya viroba vyake vya udongo ili visiibwe atatega sikio, na kanuni atazijua baadaye.

Tarehe 15 Septemba 2025 habari ilitoka Tokyo ikija kwetu moja kwa moja. Alphonce Simbu na Mjerumani Amanal Petros walimaliza marathoni ya mashindano ya dunia kwa muda uleule, saa 2:09:48, na ikabidi picha ya mstari wa mwisho iamue. Simbu alitangulia kwa sekunde 0.03, akawa Mtanzania wa kwanza kuwa bingwa wa dunia wa riadha. Wazee waliomfuatilia Juma Ikangaa akishinda Tokyo mwaka 1984 na Tokyo na Fukuoka mwaka 1986 walijua uzito wake. Siku kama hiyo mtangazaji hana budi kuizuia furaha yake mpaka jina, muda na nafasi vimetamkwa sawasawa.

Kujizuia huko hupimwa zaidi katika msiba. Tokyo iko saa sita mbele yetu. Tetemeko la tarehe 11 Machi 2011, la ukubwa wa 9.0, lilipiga saa 8:46 mchana kwao, huku kwetu ikiwa saa 2:46 asubuhi, watu wakifungua maduka. Tokyo yenyewe ilitikisika. Likafuata wimbi la tsunami, kisha ajali ya nyuklia ya Fukushima. Siku ya namna hiyo mtangazaji mgeni naye ni mtu mwenye hofu. Kazi inamtaka atenganishe kilichothibitishwa na kinachohofiwa, bila sauti kupanda.

Ningependa kazi hii ifundishwe kwa vijana wa Radio Faraja ya Shinyanga na Storm FM ya Geita, kwa sababu njia ya habari hii ni ya kwenda na kurudi. Watu wa Minamata wana haki ya kujua kama mkataba wenye jina la mji wao umefika mwaloni Nyarugusu, umebadili nini na umeshindwa wapi. Mtu wa Tokyo hawezi kuwaeleza hilo. Atawaeleza mtangazaji wa Geita aliyejifunza kumjua msikilizaji asiyemwona, akamheshimu kiasi cha kumpa ukweli mzima.