Mac Pro ya 2013: Umbo Dogo na Gharama ya Kukosa Nafasi

Kampuni ya Apple ilipoionyesha Mac Pro mpya mjini San Francisco mwezi wa Juni 2013, mbele ya waandishi wa programu waliohudhuria mkutano wake wa kila mwaka, watazamaji waliona kitu ambacho katika historia ya kompyuta za wataalamu hakikuwa na mfano: silinda nyeusi ya alumini, kimo chake sentimita 25, kipenyo chake hakitimii sentimita 17, uzani wake kilo 5 au karibu yake, nayo ikichukua sehemu moja kwa nane tu ya ujazo wa mashine iliyoitangulia. Desemba ya mwaka uleule iliingia sokoni kwa bei iliyoanzia dola 2,999, na tangu hapo mabishano juu yake hayajapoa, kwani wapo wanaoihesabu kuwa kilele cha usanifu, na wapo wanaoihesabu kuwa pambo lililouzwa kwa jina la zana.

Hoja za pande zote mbili zina uzito wake, lakini aghalabu hugongana mahali pasipo na kiini cha jambo. Wenye kuisifu husimama juu ya udogo na utulivu wake, na wenye kuilaumu husimama juu ya uchache wa nafasi za kutilia kadi na diski. Ilhali udogo peke yake haukumdhuru mtu, wala wingi wa nafasi peke yake haumfai mtu. Dai langu katika uchambuzi huu ni kwamba mashine hii ilikwama kwa kuwa wasanifu wake walibashiri namna moja ya kazi za kesho, kisha wakaujenga ubashiri huo ndani ya umbo lenyewe, hata ulipokwenda kombo pakawa hapana njia ya kuusahihisha ghairi ya kuiacha mashine nzima.

Ili tuipime kwa insafu, yafaa kwanza tuitazame iliyoitangulia. Mac Pro iliyouzwa kuanzia 2006 ilikuwa sanduku la alumini lililorithi sura ya Power Mac G5 ya 2003, lenye kimo cha sentimita 51 na uzani wa kilo 18 na ushei. Ndani yake mlikuwa na sloti nne za PCI Express za kutilia kadi, nafasi nne za diski ngumu zilizochomolewa na kuchomekwa kwa mkono, nafasi mbili za visomea-CD, na uwezo wa kubeba vichakataji viwili. Mhariri wa filamu aliyeinunua aliweza, mwaka wa pili, kuongeza diski. Mwaka wa tatu, kubadili kadi ya michoro. Na mwaka wa nne, kutia kadi ya kupokelea picha kutoka kwenye kamera, almuradi mashine ilikua pamoja na kazi yake. Hata hivyo ilipofika 2013 ilikuwa imezeeka: haikuwa na matundu ya kasi ya Thunderbolt wala USB 3, na katika nchi za Umoja wa Ulaya uuzaji wake ulisimamishwa mwezi wa Machi mwaka huo, kwa sababu feni zake hazikuwa na kinga iliyotakiwa na kanuni mpya za usalama. Mashine mpya ilihitajika, na hapakuwa na mwenye kulipinga hilo.

Sasa tutazame jinsi hiyo mpya ilivyotengenezwa, maana hapa ndipo ustadi ulipo na ndipo mtego ulipo. Katika kompyuta za kawaida kila kiungo chenye kutoa joto jingi hupewa kipozaji chake na feni yake, na sanduku zima hujaa pepo zinazopishana. Wasanifu wa Apple waliyafuta hayo yote, wakasimamisha katikati ya silinda nguzo moja ya alumini yenye pande tatu, iliyo wazi ndani na kujaa mapezi membamba, kisha juu ya kila upande wakabandika bao moja: upande wa kwanza kichakataji cha Intel Xeon, chenye viini vinne hadi kumi na viwili, na pande mbili zilizobaki kadi mbili za michoro za AMD FirePro. Feni moja tu iliwekwa kileleni, ikivuta hewa baridi kutoka chini, ikaipitisha katikati ya mapezi na kuitoa juu. Hesabu yao ilikuwa ya kimantiki kabisa: ni nadra viungo vyote vitatu kufanya kazi ya kupita kiasi kwa wakati mmoja, na kwa hiyo kilichopumzika humwachia mwenziwe fungu lake la ubaridi. Na kwa kuwa feni ni moja na ni pana, yaweza kuzunguka polepole, nayo mashine ikawa na utulivu ambao chumba cha kurekodia sauti huuthamini kuliko sifa nyingine yoyote.

Wala si kweli kwamba mashine hii ilifungwa kama kasha lisilofunguka. Nyuma yake pana kitasa kidogo. Kikisogezwa, ganda lote huinuliwa juu kwa mikono miwili, na viungo vyote hubaki wazi bila kugusa skrubu hata moja. Vijiti vinne vya kumbukumbu vimepangwa viwiliviwili kando ya safu ya matundu ya nyaya, na mtu huweza kuvibadili kwa dakika chache. Diski ya flashi imelazwa juu ya mojawapo ya kadi za michoro, ikishikwa na skrubu moja. Na hata kichakataji kimekaa kwenye soketi ya kawaida ya Intel, kwa hiyo fundi mwenye subira huweza kukitoa na kutia kilicho bora zaidi. Mashine ikigeuzwa ili mtu aone nyuma, taa nyembamba huwaka kuyazunguka matundu, asipapase gizani akitafuta pa kuchomeka waya. Mafundi wa iFixit, wenye desturi ya kuzifungua mashine mpya na kuzipa alama kwa urahisi wa kutengenezeka, waliipa 8 kati ya 10, alama ambayo bidhaa chache za Apple za wakati ule ziliifikia.

Basi ikiwa kumbukumbu yabadilika, diski yabadilika na kichakataji chabadilika, mashine ilikwama wapi? Ilikwama kwenye kadi za michoro, ambazo ndizo kiungo chenye kuchakaa upesi kuliko vyote katika kompyuta ya mtaalamu wa picha, na ndizo zilizofungwa kwa nguvu zaidi. Kadi hizo zilikatwa kwa umbo lisilopatikana popote pengine, ili zilale sawasawa juu ya nguzo ile, na baada ya 2013 hakuna mtengenezaji aliyeleta sokoni kadi ya kizazi kipya ya umbo hilo, wala Apple yenyewe. Ubashiri uliowaongoza ulikuwa kwamba programu za kesho zingejifunza kuigawa kazi baina ya kadi mbili za wastani, moja ikiendesha skrini na ya pili ikipiga hesabu kwa njia ya OpenCL, mfumo wa kupigia hesabu kwenye kadi za michoro. Programu ya Apple yenyewe ya kuhariri filamu, Final Cut Pro, ilifuata mkondo huo tangu mwanzo. Lakini programu nyingi za kitaalamu zilikuwa zimekwisha kuegemea CUDA, mfumo wa kampuni ya Nvidia usiokubali kufanya kazi juu ya kadi za AMD, na kwa watumiaji wake kadi ya pili ilikuwa mali iliyolala.

Fauka ya hayo, soko la kadi za michoro lilishika njia nyingine kabisa. Badala ya kadi mbili za wastani, nguvu zilikusanywa katika kadi moja kubwa, yenye kula wati 250 na zaidi peke yake, wakati ambapo Mac Pro nzima, pamoja na kichakataji, kadi zote mbili na kila kilichochomekwa, ilikuwa na kigawa umeme cha wati 450. Nguzo ya pande tatu hufanana na mafiga: chungu hukaa imara maadamu mafiga yote yamelingana kimo, na ukileta figa moja lililo kubwa kupita mengine, hata likiwa zuri namna gani, chungu hupinduka. Mtu asingeweza kutia kadi moja kubwa upande mmoja na kuacha upande wa pili mtupu, kwa kuwa upande ule mmoja usingehimili joto lake lote. Na kuitanua nguzo kulimaanisha kuitanua silinda, yaani kubuni mashine nyingine.

Apple walikuwa na jawabu lao juu ya upanuzi, na jawabu hilo lastahili kusikilizwa kwa makini. Walisema, kwa lugha ya matundu sita ya Thunderbolt 2 waliyoyatia nyuma ya mashine, kwamba upanuzi utakuwa nje: diski nje, kadi za sauti nje, vipokea picha nje. Kwa diski jawabu hili lilitosha, maana kila tundu lilipitisha gigabiti 20 kwa sekunde, kasi iliyozitosheleza diski ngumu nyingi zikifanya kazi kwa pamoja. Mtaalamu ambaye kazi zake zote zilihifadhiwa kwenye diski za pamoja za ofisi, au yule aliyeibeba mashine begini kwenda nayo mahali filamu inapopigwa, alipata faida ya kweli ambayo sanduku la kilo 18 lisingempa kamwe. Lakini kwa kadi ya michoro hesabu hukataa: sloti ya njia 16 ya PCI Express, toleo la tatu, hupitisha zaidi ya gigabiti 120 kwa sekunde, na kwa hiyo waya wa Thunderbolt 2 haukufikia hata sehemu ya sita ya kasi hiyo. Na hata Apple walipokuja kuruhusu rasmi kadi za michoro za nje, mwaka 2018, ruhusa hiyo iliwekwa kwa mashine zenye Thunderbolt 3 peke yake, na silinda haikuwamo.

Pana jambo jingine la matumizi ya kila siku ambalo picha za matangazo hazikulionyesha. Kila sanduku la nje lina kigawa umeme chake, waya wake na aghalabu feni yake, basi mhariri mwenye diski nne na kadi mbili alijikuta akiizunguka silinda ile nzuri kwa visanduku vyenye kuvuma na nyaya zenye kusokotana. Ujazo uliopunguzwa ndani ya mashine ulirudi juu ya meza yake, na kimya kilichopatikana kwa ustadi mkubwa kikapotea kwa feni za watu wengine. Gharama nayo ilihama: kile ambacho zamani kilikuwa sehemu ya sanduku, mnunuzi sasa alikinunua kando, tena kwa bei ya juu kuliko kadi au diski yenyewe ilivyostahili.

Miaka ikapita na mashine haikubadilishwa. Mwezi wa Aprili 2017, Apple waliwaita waandishi wa habari wachache wakakiri, jambo lisilo desturi yao, kwamba mpango ule uliwafunga. Craig Federighi, mmoja wa wakuu wa Apple, alieleza kwamba walijisukuma wenyewe kwenye kona ya joto, kwani umbo lile lilifaa kadi mbili ndogo wakati kazi za watu zilidai kadi moja kubwa. Wakaahidi mashine mpya yenye kupanuka. Ilikuja Desemba 2019, ikiwa na sloti nane, kigawa umeme cha kilowati 1.4 na nafasi ya kumbukumbu ya terabaiti 1.5, kwa bei iliyoanzia dola 5,999. Joto lilipewa njia na upanuzi ukarudishwa, lakini mtaalamu wa kawaida, aliyekuwa akiimudu ile ya dola 2,999, aliachwa nje ya mlango.

Mtu atauliza: ikiwa hivyo, mbona Mac Studio ya 2022, sanduku la sentimita 19.7 kwa 19.7 na kimo cha sentimita 9.5, lisilo na sloti hata moja na lenye kumbukumbu isiyobadilika, ilipokewa vizuri? Sababu kubwa ni kwamba ndani yake kichakataji, kumbukumbu na michoro vimeunganishwa katika chipu moja yenye kula umeme kidogo kwa kazi kubwa, kwa hiyo joto, adui aliyeishinda silinda, lilipungua makali. Bei yake nayo, iliyoanzia dola 1,999, ilimrudisha mezani yule aliyeachwa nje. Hata hivyo swali la zamani halikufa, maana kumbukumbu anayoichagua mnunuzi siku ya kwanza ndiyo atakayokuwa nayo hadi siku ya mwisho, na akikosea hana pa kurudi. Na Mac Pro ya 2023 imetupa funzo la upande wa pili: ina sloti saba, lakini haikubali kadi za michoro, na kumbukumbu yake haipiti gigabaiti 192. Sloti isiyoruhusiwa kupokea kile mtu anachokihitaji haimpi upanuzi. Humpa uwazi tu.

Kwa hiyo mwenye kupima kompyuta ndogo ya kazi, awe msanifu au mnunuzi, asianze kwa kuhesabu matundu. Na aanze kwa kuuliza ni kiungo gani kitakachozeeka upesi katika kazi yake, kisha atazame kama kiungo hicho kina umbo la kawaida linalopatikana kwa wauzaji wengi, na kama umeme na ubaridi uliomo vina ziada ya kukipokea kilicho kikubwa zaidi. Silinda ya 2013 ingejaribiwa kwa maswali hayo matatu ingepita kwa kumbukumbu na kichakataji, na ingeanguka mara tatu kwa kadi ya michoro, ambayo ndiyo iliyokuwa sababu ya wengi kuinunua. Wasanifu wake walikuwa mabingwa, na nguzo yao ya kupozea joto yastahili kufundishwa vyuoni. Lakini msanifu anayeacha nafasi anakiri kwamba hajui mwenye chombo atahitaji nini baada ya miaka mitano, na ukiri huo ni sehemu ya ustadi sawa na wembamba wa mapezi au kimya cha feni. Chombo cha kazi hudumu kwa kadiri mwenyewe anavyoachiwa kukiamulia, na haki hiyo isiuzwe kwa uzuri wa umbo.